Kozi ya Kuitikia kwa Kichwa

Idara ya Maji ilitangaza kwamba tatizo la watu kutoelewa limekwisha rasmi.

Tangazo lilibandikwa kila mlango, hata wa choo, chini yake sahihi ya Mkurugenzi wa Mafunzo. Kozi mpya ya mtandaoni ya kumhudumia mteja ilikuwa imezingatia namna binadamu anavyojifunza. Kamati ilijifungia hotelini kulitafiti jambo hilo, ikarudi imenenepa, na jibu inalo: katika vikao vyote vya Mkurugenzi, wanaoelewa huitikia kwa kichwa. Basi kompyuta itamtazama mfanyakazi kwa kamera. Akiitikia, ameelewa. Asipoitikia, anarudi mwanzo. Atakayeshindwa mara tatu ataachia kiti chake, bila kujali cheo.

Mkurugenzi alikipenda sana hicho kipande cha mwisho. Kilikuwa na mlio wa haki.

"Bosi," alisema dada wa mapokezi, "si mngekuja tu kututazama tukihudumia mteja, mkaturekebisha?"

"Hiyo inamsumbua mwanafunzi, dada yangu. Sisi tunaheshimu ubongo."

"Sasa mteja akija bomba limempasukia, nimwambie nini?"

"Lipo somo zima la mabomba."

"Nimelitazama. Ni picha yako unakata utepe."

"Si umeona?" Mkurugenzi akajibu, akaenda zake ameridhika.

Matokeo yalikuwa mazuri mno. Fundi bomba alianguka mara mbili kwa sababu alikuwa akiandika na kukunja uso, dalili mbaya. Wa kwanza akawa mlinzi wa getini. Kidevu chake kilianguka kifuani tangu salamu, kikainuka, kikaanguka tena, hivyo hivyo hadi mwisho.

"Umefanyaje, babu?" fundi alimuuliza.

"Mimi nilisikia 'karibuni' tu, mwanangu. Nazinduka, napigiwa makofi."

Mkurugenzi akaagiza wote wamuige.

Siku ya uzinduzi alikuja Mwenyekiti wa Bodi, mama mnene mwenye sauti ndogo. Alisikiliza hotuba, akanywa maji, akasema, "Hebu na wewe kaa, tukuone."

Mkurugenzi akakaa mbele ya kompyuta, huku anatabasamu. Sauti yake mwenyewe ikaanza kutoka spika. Ilikuwa sauti tamu. Aliisikiliza kidevu juu, karibu machozi yamtoke.

HUJAELEWA. ANZA UPYA.

"Itikia, bosi," fundi akamnong'oneza. "Fanya kama sisi tukiwa kwenye vikao vyako."

Alijaribu. Lakini tangu apewe ofisi yenye kapeti hakuwahi kumwitikia mtu. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Shingo ilikaza kama nati iliyoshika kutu.

HUJAELEWA. ANZA UPYA.

"Hii mashine hainijui!" akafoka, akitingisha kichwa kushoto na kulia.

HUJAELEWA. NAFASI ZIMEKWISHA.

Mama Mwenyekiti aliinuka, akabandua tangazo mlangoni, akalisoma taratibu.

"Bila kujali cheo. Hili umeliandika wewe?"

"Mama, hilo lilikuwa la kuwapa moyo wafanyakazi."

"Limewapa. Watazame."

Mkurugenzi aligeuka. Chumba kizima kilikuwa kinaitikia kwa kichwa. Mlinzi pia, ingawa yeye alikuwa amelala.

"Kiti umekiachia," alisema mama. "Kesho utakaa mapokezi na huyu dada. Wateja wa mabomba utawajibu wewe, yeye atakurekebisha palepale, mpaka uweze. Umeelewa?"

Mkurugenzi akamtazama dada, ambaye tayari alikuwa anamsogezea stuli. Kidevu cha Mkurugenzi kikashuka polepole mpaka kwenye tai, kikapanda.

Hakuna aliyekumbuka kuzima kamera. Spika zikapiga tarumbeta, kisha ile sauti tamu ikajaa chumbani:

"Hongera sana. Sasa umeelewa."