Nivae Nini Kwenda kwa Mizimu

Jumanne, 8 Julai 2025

Munira anakwenda kwa mizimu Jumamosi! Basi na mimi nakwenda. Mizimu yenyewe sina shida nayo.

Habari ni hii. Mwalimu Efrazia, aliyetufundisha historia karibu wote hapa Korogwe kabla hajastaafu, ameanzisha matembezi ya jioni katika mji wa zamani. Anawaongoza watu kutoka stesheni ya reli, kupita maduka yaliyofungwa miaka mingi, mpaka kwenye gofu la nyumba ya meneja wa mkonge. Kila anaposimama anasimulia nani alifia pale na nani bado anaonekana. Tangazo liko kwenye kundi la WhatsApp. Chini kaandika: "Vaeni viatu vya kufunga na nguo za kawaida."

Hilo ni onyo kwa watu wa kawaida.

Munira anashona nguo barazani, jirani na kibanda changu cha ufundi redio. Mwaka wa pili huu namwazima bisibisi ya cherehani yake. Tumefika mahali anasema asante kabla sijampa. Sasa nasikia Faraji wa duka la pembejeo naye kajiandikisha. Faraji! Ana fulana ya kampuni ya mbegu kwa kila siku ya juma. Kwa sura siwezi kumshinda. Kwa vazi atanikoma.

Dada Mwaija, ninayeishi kwake, kasema mizimu ya kwetu Handeni hupelekewa kuku, hii ya Korogwe inapelekewa simu za kupigia picha. Kasema nivae sweta, jioni kuna baridi. Sweta!

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa Zaidi wa mitumba. Nikamweleza: jioni, magofu, mwanamke. Akafikiri. Akaingia chini ya meza, akatoka na suti nyeupe, koti refu la zamani, na kofia ya duara ya rangi hiyo hiyo. Kasema nguo kama hii haiji mara mbili. Nimekubali. Mimi sijawahi kuiona hata mara moja.

Suruali ni ndefu. Fundi mzuri ninayemjua ni Munira peke yake, na Munira hatakiwi kuiona kabla ya siku. Nimeipeleka kwa mzee mmoja wa mtaa wa Manundu anayeshona magunia.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee kamaliza. Mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia. Nimelalamika. Kaniambia niwe nasimama kwa kuegemea upande. Nimejaribu mbele ya kioo. Inapendeza, mradi nisitembee.

Dada Mwaija kaniona, akaweka mwiko chini, akauliza nani kafa.

Mchana nimemuuliza Munira kijanja atavaa nini. Kasema dera, sweta na raba. Faraji alikuwepo, akadakia kuwa na yeye ni sweta na raba. Mwigaji mkubwa.

Ijumaa, 11 Julai

Mpango umekamilika. Sitaanza nao stesheni. Anayefika mwanzo huwaona wenzake, anayefika mwisho ndiye anayeonekana. Nitakata njia kwenye shamba la mkonge, upande wa Ngombezi, niwakute gofuni jua likizama nyuma yangu. Munira atageuka. Faraji naye atageuka, akiwa na sweta lake.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa nimejifunika shuka.

Nilitoka vizuri. Nikajipaka poda usoni ili nisimetemete kwenye picha. Ila ile njia ya mkato si njia, ni mkonge. Mwiba mmoja ulininyang'anya kofia, nikageuka, sikuiona tena. Nikasikia sauti ya Mwalimu Efrazia, nikaifuata, nikatokea gofuni.

Wote walikuwa wamenipa mgongo isipokuwa yeye. Aliponiona alikata neno katikati. Wengine wakageuka. Nikaegemea upande kama nilivyofanya mazoezi, nikasema kwa sauti ya utulivu, "Samahani jamani. Kuna aliyeiona kofia yangu?"

Wakakimbia.

Mimi si mjinga. Kundi zima la watu wazima halikimbii bure. Walikuwa wanatazama upande wangu, kwa hiyo kitu hicho kilikuwa nyuma yangu! Sikugeuka. Nikawafuata. Kila nilipoongeza mwendo, wao waliongeza zaidi, na hapo nikajua kinatukaribia. Nikapiga kelele wanisubiri. Ilizidisha mambo. Faraji alikuwa mbele ya wote. Mwalimu Efrazia, ambaye ubovu wa goti lake unajulikana mji mzima, alikuwa wa pili.

Njiani nilimpita Munira.

Hili sitaki kuliandika lakini nitaliandika. Alikuwa amekaa chini kando ya njia, kajifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika kwa kilio. Nilimwona. Nikampita.

Nilipofika kwenye reli nikasimama. Wenzangu walikuwa wameshapotelea majumbani. Faraji hata vumbi lake halikuonekana. Nikavua koti nikalibana kwapani, nikaokota jiwe, nikarudi. Nilisoma Ayatul Kursi, nikachanganya katikati, nikaanza upya. Nikachanganya tena.

Munira nilimkuta kwenye ngazi za gofu, anakula karanga. Macho mekundu, machozi bado mashavuni.

Akaniuliza, "Umerudi kufanya nini?"

"Kukuchukua."

"Na hicho kilichokuwa kinawakimbiza?"

Nikamwambia bado kiko hapa hapa, yeye atangulie, mimi nitabaki nyuma na jiwe. Akauliza kama mimi mwenyewe nilikiona. Nikasema hapana, lakini wenzangu walikiona. Akabana midomo kama mtu mwenye jino bovu.

"Vaa koti lako, Shukuru. Kuna baridi."

Nimemfikisha mpaka mlangoni kwao. Jiwe sikulitupa.

Jumapili, 13 Julai

Mji mzima hauna habari nyingine. Faraji anasimulia dukani kwake kuwa mzimu ulikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, unachechemea, na yeye ndiye aliyebaki mwisho kuwalinda akina mama. Nimemwacha. Nimeongeza tu kwamba mimi niliusikia ukipumua.

Mwalimu Efrazia amejaza watu wa Jumamosi ijayo, wengine wanatoka Mombo na Handeni. Kasema ameisimulia hadithi ile miaka yote bila kuiamini, sasa anaanza na sala.

Suti nimeificha chini ya kitanda. Imechanika mgongoni. Kazi ya ule mzimu, bila shaka.

Jumanne, 15 Julai

Munira kaniita barazani. Kaweka mkasi chini.

Kaniuliza kama najua Mwalimu alikuwa anasimulia nini pale gofuni. Nikasema sikuwahi. Akanieleza. Zamani meneja wa mkonge alizama mtoni akifuata kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Tangu hapo hutokea mkongeni jua linapotua, suti nyeupe, uso mweupe, anawauliza watu kofia yake iko wapi.

Nikasema ni ajabu kweli, maana na mimi siku ile nilipoteza kofia.

Munira akasubiri. Akasubiri sana.

"Shukuru. Wewe ulivaa nini?"

Hapo nikaelewa.

Nilitafuta pa kutazama, nikatazama redio ya mteja. Munira kasema yeye alinijua palepale. Mzimu gani mguu mmoja wa suruali ni mfupi? Fundi gani angemshonea? Kasema alikaa chini kwa kicheko, mbavu zilikuwa zinamuua. Hakuwa analia.

Nikamwambia basi anajua pia kwamba nilimpita.

"Najua."

Kisha kasema, "Faraji mpaka leo hajarudi kunitafuta. Ananisalimia tu akipita. Wewe uliporudi, uliamini kweli kuna kitu?"

Nikasema niliamini. Hata sasa naamini kidogo.

Hapo hakucheka. Alishika kitambaa akakikunja, akakikunjua. Kasema baba yake hayupo duniani, mwenye neno juu yake ni mjomba, Mzee Mhina wa Handeni. Amemtajia jina langu kwenye simu. Mzee kasema niende Jumapili anione.

"Usilete mbwembwe, tafadhali. Njoo ulivyo."

Jina langu kwenye simu! Nimempa bisibisi. Hakuwa ameiomba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimetafakari lile neno, "njoo ulivyo". Ni mtihani, na mtihani hautaki haraka. Nimejichunguza kwa ukweli na nimekiri kosa langu la Jumamosi. Ilikuwa rangi. Nyeupe haifai jioni. Pia sikuuliza habari za mahali kabla ya kwenda.

Safari hii nimeuliza. Mzee Mhina ni mwanajeshi mstaafu. Mkali, hapendi utani, anaamini nidhamu.

Nimekwenda kwa Zaidi. Akafikiri. Akaingia chini ya meza.

Koti la kijani, vifungo vya dhahabu, nyota mabegani, na mkanda wake. Zaidi kasema linaweza kuwa la bendi ya huko Ulaya au la jenerali, maandishi ya ndani hayasomeki. Limenikaa kama nilizaliwa nalo.

Dada Mwaija kasema nchi hii raia havai nguo za jeshi, sembuse kwenda nazo kwa mwanajeshi kuomba mke. Kasema nivae shati. Namhurumia dada yangu, mambo ya mapenzi yamempita.

Tangu alasiri nafanya mazoezi ya saluti. Jumapili nitaingia uani kwake kwa hatua za gwaride, nisimame wima, nitoe shikamoo kwa sauti ya amri. Mzee atasimama mwenyewe.

Lazima atasimama.