Jeshi Langu la Uswidi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Shemeji yangu Stéphane anahamia Kolwezi wiki ijayo. Amepata kazi huko. Mke wangu Tania analia tangu asubuhi. Ni kaka yake wa pekee. Mimi pia nina huzuni, ila yangu ina sababu yake. Miezi mitano sasa, kila Jumapili baada ya misa, mimi na Stéphane tunacheza mchezo wa kupigania milki kwenye kompyuta. Yeye Urusi, mimi Uswidi. Majeshi, kodi, mikataba, miaka mia tatu ya historia. Sijamshinda hata mara moja. Akiondoka hivi hivi, nitabaki mtu aliyeshindwa na shemeji yake. Imebaki Jumapili moja.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata njia. Wanaotengeneza mchezo huuza nyongeza, vipande vya kupakua vinavyoleta sheria mpya. Imetoka moja iitwayo Baruti na Mkate. Wanasema inabadilisha vita vyote. Kwenye picha kuna mizinga mikubwa kama nyumba, na Uswidi ndiyo ya kwanza kuipata. Hiyo inanitosha. Maelezo mengine ni kurasa kumi na nne za Kiingereza.

Mchezo ukiendeshwa kwenye mashine yenye nyongeza, wachezaji wote wanaipata. Basi lazima uendeshwe kwangu, na Stéphane asijue mpaka mizinga ilie. Nimemwambia mashine yake imechoka, isibebe mzigo wa kuuendesha mchezo kabla ya safari, ijiunge tu na yangu. Amenishukuru kwa kumjali. Nikaona haya. Kidogo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimebeba mashine yangu, nimeenda mtaa wa Kikula kwa Mama Germaine, mwenye duka la fotokopi na intaneti. Nikamwambia napakua nyimbo za kwaya. Akauliza ni ngapi. Nikasema ni nyingi.

Gigabaiti sita. Saa nne mashine za wateja wengine zikaanza kusuasua. Saa sita intaneti ya mwezi mzima ikaisha. Mzee mmoja alikuwa katikati ya kutuma dosie ya binti yake, karatasi za kuomba chuo, na leo ndiyo siku ya mwisho. Amekaa pale na kofia yake magotini, anaangalia kioo kilichoganda. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Mama Germaine akaja nyuma yangu. Kwenye kioo changu kulikuwa na Mswidi mwenye masharubu, amekaa juu ya mzinga.

“Huyu njo soprano ao basse?” akauliza.

Dosie ya mzee, Mama Germaine ameituma kwa simu yake mwenyewe. Mimi nimehukumiwa kupiga fotokopi dukani kwake mpaka Ijumaa. Sikubisha. Nyongeza ilikuwa imeshaingia yote.

Ijumaa, 10 Oktoba

Fotokopi siku mbili. Kidole kimoja kimebanwa na mashine. Yule mzee alirudi kusema dosie imefika salama. Akanishika mkono, akanishukuru sana, akidhani mimi ndiye fundi wa intaneti. Nilitaka kumweleza. Mama Germaine alikuwa akiniangalia juu ya miwani yake, akingoja nimweleze. Nikasema si kitu, papa.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumeanza saa saba, meza moja, mashine mbili, mbuzi anachemka jikoni kwa ajili ya kumuaga Stéphane. Dakika ya pili akaona vitufe vipya. Nikajifanya kushangaa. Yeye akafurahi kama mtoto. Kumbe nyongeza hiyo aliisoma yote, kurasa kumi na nne, tangu ilipotangazwa. Alikosa tu intaneti ya kuipakua. Aksanti sana shemeki, akasema, umenipa zawadi ya safari.

Sikutishika. Nikakusanya watu elfu sitini na mizinga yote, nikawaelekeza Moscow. Yeye akarudi nyuma. Nikamfuata. Akarudi nyuma tena. Nikamwambia Tania aje aone jinsi kaka yake anavyokimbia.

Ikaingia Novemba ya mchezoni. Hapa Likasi tulikuwa tunatoka jasho. Kule theluji ikaanza. Ndipo nilipoelewa neno Mkate linafanya nini katika lile jina. Kwa sheria mpya jeshi halili mashambani linamopita. Unajenga maghala, unayaunganisha kwa mikokoteni. Mimi sikujenga hata ghala moja. Wamekufa elfu arobaini na moja bila kumwona Mrusi.

Nikauliza kama ugali uko tayari.

“Bantu elfu makumi ine bamekufa na njaa,” Tania akasema, “na weye unaulizia bukari?”

Saa kumi Stéphane alikuwa amezunguka Stockholm. Kitufe kimoja tu na Uswidi inafutika. Nikamwambia abonyeze, nimezoea. Hakubonyeza. Akaniletea mkataba wa amani: nibaki na mji wangu na jimbo moja, na yeye atanitumia ngano.

Nikamuuliza kwa nini.

Akaondoa mkono kwenye kitufe.

“Nikikumaliza leo, shemeki, kule Kolwezi tutaongeaka nini ku telefone?”

Nikasaini. Tukaenda kula. Tania alituangalia wote wawili, akaanza kulia tena, na safari hii nikalazimika kutoka nje kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi alikuwa tayari mezani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumemsindikiza kituoni saa moja asubuhi. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Akasema Jumapili tutaendelea, kila mtu kwake, kwa intaneti. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Nimefikiri sana kuhusu ule mkataba. Ni mtu mzuri kuliko wote ninaowajua. Na mtu mwenye moyo kama huo hawezi kulinda mpaka. Ameondoa vikosi vyake vyote karibu na Stockholm, ananiamini kabisa.

Nimeshaanza kuandikisha askari kwa ngano yake. Elfu sitini walikuwa wachache, kosa lilikuwa hapo. Safari hii nakwenda Moscow na laki moja. Maghala yanachelewesha jeshi, watakula tukifika.