Hotuba ya Kuzindua Taa Mpya za Ampu ya Kwaya, Kigwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mzee Silasi, Mwenyekiti wa Umoja wa Kwaya, uliyetoka kwenye mizinga yako kule Ipole ukaja mikono mitupu bila hata kikombe cha asali; waheshimiwa wazee wa kanisa mliokalia viti vyenye migongo; waheshimiwa mliokalia viti vilivyovunjika migongo; mama Elieth, Mlezi wa Sauti ya Pili; fundi Fikiri wa redio kutoka Tabora mjini, Mtaalamu Mwelekezi wa mradi huu; kijana wetu Amon, Mpiga Gitaa la Solo; ndugu zetu wa Ntalikwa mliokuja bila kualikwa; wadau, wakereketwa, na nyie watoto mliopanda ukuta wa choo, shukeni haraka: mwangaluka!

(Umati unaitikia salamu ya mama: "Mwangaluka, mayo!" Watoto hawashuki.)

Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu nimemruka, basi alistahili kurukwa. Mimi ndimi Agnetha Ngollo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Ampu, Katibu wake, na pia wajumbe wake, maana wale wengine walipoitwa kikaoni walisema wanapalilia tumbaku. Shule niliishia darasa la tatu, lakini semina nimehudhuria, soda nimekunywa, na maneno yote ya wasomi ninayo: mchakato, fremuweki, impakti, na lile refu la kapasiti bildingi. Leo nitayatumia yote, maana yamekaa ndani muda mrefu, yataingia panya.

(Vicheko. Mzee mmoja wa kanisa anaangalia saa.)

Unaangalia saa ya nini, baba? Unakwenda wapi? Kaa!

Waheshimiwa, kila mmoja wetu anajua tumekusanyika kwa nini. Siku ya Pasaka Mzee Silasi alisimama palepale alipoketi sasa, akasema mbele za watu kwamba gitaa la Kigwa linakwaruza mpaka maneno ya wimbo hayasikiki, kwamba ampu hii ya kukuzia sauti ni mali ya Umoja mzima wala si ya Kigwa peke yake, na kwamba akirudi akaikuta bado inakwaruza, ataipakia aipeleke Ipole kwa watu wenye adabu. Na kweli amekuja na gari tupu, na dereva amekaa na kamba mkononi kama mtu anayengoja ng'ombe mnadani. Bila ampu hii, ndugu zangu, kwaya yetu inarudi kwenye kupiga makofi. Najua mtu atasema wapagazi waliopita hapa na pembe mabegani waliimba mpaka Bagamoyo bila waya wowote. Sawa. Lakini wale walikuwa na mapafu. Nyie mkipanda ngazi tatu za kanisa mnaomba maji.

(Umati: "Kweli, mayo!")

Ndipo Kamati, baada ya tathmini ya kina na upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe nikiwa natwanga, ikabuni Mradi Shirikishi wa Kubadilisha Taa. Na hapa nitoe ufafanuzi, kwa sababu nilipoutangaza tu, mama Koleta alikuja mbio akiomba na yeye afungiwe moja barazani kwake. Koleta, si taa za kumulika! Ni vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya ampu, mafundi wanaviita valvu, navyo kazi yake ni kuikuza sauti ya gitaa.

(Koleta: "Si ungesema mapema, dada, nimeshachimbia nguzo!")

Nguzo utaanikia nguo. Sasa sikilizeni somo, na wenye digrii watege masikio. Taa ndogo za mbele ndizo zinazoipokea sauti ikiwa changa kama mtoto wa siku arobaini, zikainenepesha. Taa ndogo yenye nguvu nyingi ni kama jiko lenye kuni nyingi: uji unapanda, unafika ukingoni mwa sufuria, unafurika na kuungua. Huko kufurika ndiko kukwaruza. Ukiitoa, ukaweka taa ya umbo lilelile lakini yenye nguvu kidogo, uji uleule unatokota taratibu, sauti inatoka safi, na mpaka ianze kukwaruza mpigaji awe ameutafuta ugomvi kwa makusudi. Vijana wao wanaupenda uji ulioungua. Ni ladha yao, sibishani nao. Lakini si kwenye zaburi!

Amon, mwanangu, waonyeshe hali ilivyokuwa kabla ya mradi.

(Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami. Kuku wanakimbia. Mzee Silasi anaziba masikio.)

Basi! Basi, umetuua! Mmesikia wenyewe. Sasa, kwa heshima na taadhima, naamuru taa zibadilishwe. Elieth, Koleta, shikeni kanga muizungushie ampu. Fundi, ingia, na Amon akusaidie.

(Mzee Silasi anasimama: "Mwenyekiti, naomba nami nisogee nione.")

Keti, Mheshimiwa. Umeme wa ndani ya ampu unabaki hata waya ukishachomolewa. Unakaa kimya kama nyuki wako, unangoja kidole. Nikikurudisha Ipole umekauka, mkeo nitamwambia nini?

(Mke wa Mzee Silasi, kutoka nyuma: "Mwache asogee tu!" Vicheko virefu.)

Wakati fundi anaendelea na utekelezaji, niwaeleze taa kubwa za nyuma, zile zinazoisukuma sauti mpaka kwenye spika. Hizi ni jozi, na lazima zilingane kama maksai wa plau. Ukimfunga dume na ndama, mtaro unakwenda kwa jirani. Zikichoka, sauti inakuwa nzito, imelegea kama ugali wa mtu aliyesusa. Ukizibadilisha, fundi hana budi kuzipimia upya umeme wake, la sivyo zitaiva nyekundu, na mtabaki kuimba gizani mkinuka moshi. Haya yote nimeyasimamia. Utafiti wa Kamati unaonyesha kuwa usafi wa sauti utapanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. Msiniulize hizo kumi na mbili zimetoka wapi. Ni za akiba.

(Fikiri, nyuma ya kanga: "Tayari, bibi!")

Amon, piga.

(Gitaa linatoka laini, kila uzi unasikika peke yake. Vigelegele. Mwanamke wa Ntalikwa: "Jamani, inatiririka!" Mzee Silasi anasimama, kofia mkononi: "Hii ndiyo sauti! Mimi masikio yangu hayadanganyiki, taa hizi ni za ng'ambo, na ng'ambo ya mbali! Ampu ibaki Kigwa!")

Rudia, Mheshimiwa, kwenye spika, upande ule wa tumbaku hawajasikia.

(Mzee Silasi, kwenye spika: "Nimesema mimi Silasi, ampu ibaki Kigwa!" Nderemo. Dereva anakunja kamba.)

Wazee wa kanisa, mmesikia? Semeni ndiyo.

(Wazee: "Ndiyo.")

Ahsante. Sasa, kabla ya chakula, kaulimbiu. Nikisema "Sauti ya Kigwa", mseme "Isiungue!" Sauti ya Kigwa!

(Umati: "Isiungue!")

Mmeitika kama wagonjwa, lakini nimepokea. Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru Elieth na Koleta kwa kushika kanga bila kuchungulia. Nalishukuru duka la taa la huko ng'ambo, ambako tutaagiza taa siku tutakapojua liko wapi. Namshukuru fundi Fikiri, aliyesimama nyuma ya kanga na bisibisi mfukoni, asiguse hata skrubu moja, kazi inayotaka moyo kwa fundi. Na kuliko wote, namshukuru Amon, ambaye nimemgombeza kila Jumapili aache kukizungusha mpaka mwisho kile kitufe kinacholisha taa ndogo, na leo, kwa mara ya kwanza tangu ajue gitaa, amekirudisha nyuma.

(Mzee Silasi: "Agnetha, subiri kwanza. Ina maana taa mpya…")

Taa mpya zipi, Mheshimiwa? Hazikuwahi kuagizwa, wala mradi haukuwahi kukaliwa kikao. Zinazowaka humo ni zilezile za Pasaka, nawe umezisifu, na neno la ampu kubaki umelisema kwa kinywa chako mara mbili, moja kwenye spika, na wazee wameitika. Ukitaka kulimeza hilo neno, maji yapo mtungini, lakini utalimeza mbele ya watu wote hawa.

(Mzee Silasi anabaki amesimama. Anamtazama mkewe, mkewe ameinama, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee anavaa kofia, anaketi. Makofi.)

Ahsante, Mheshimiwa. Mlenda uko tayari, wageni watangulie. Nami nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, na zaidi sana kwa kusikia kisichokuwepo.