Nyundo ya Oktobafesti

Jumatatu, 2 Oktoba
Kikao cha kamati ya sherehe ya bia ya Kijerumani, hapa mjini kwetu Brazili. Lotário, mpuliza tuba, lile tarumbeta kubwa, anayejiona mwenye mji, akatamka "Oktobafesti" kama Wabrazili wengine wote. Nikamsahihisha. Wajerumani hulikata neno hilo mwisho: fest. Basi. Mwenyekiti wetu, Dona Edeltraud, akauliza nimejifunzia wapi. Mdomo ukajibu kabla yangu: Munich, nilipokuwa fundi wa mapipa ya bia. Munich! Hata São Paulo sijafika. Nimekabidhiwa nyundo. Jumamosi, mbele ya mji mzima, nitapigilia bomba kwenye pipa la kwanza la bia, kufungua sherehe.

Jumanne, 3 Oktoba
Mke wangu Neusa alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanikumbusha yule bwana wa mji wa jirani: bomba lilichomoka likaondoka na meno yake ya mbele. Sikula. Nikafanya mazoezi bustanini kwa pipa la maji. Nyundo ikaniponyoka, ikavunja dirisha la mama mkwe. Akatoa kichwa. "Mkwe wangu, huko Munich ndivyo wanavyotoboa?"

Jumatano, 4 Oktoba
Mvua. Nikapata wazo. Mto ukijaa, sherehe huahirishwa. Nikamnong'oneza muuza mikate kwamba maji yamepanda huko milimani, binamu yangu kayaona. Sina binamu milimani. Kufika mchana uvumi ukanirudia umenenepa: bwawa limepasuka. Nusura niuamini mwenyewe. Lotário akaja hadi mlangoni. "Ademar, wewe unaogopa pipa. Mto uko kitandani mwake, umelala."

Alhamisi, 5 Oktoba
Mvua bado. Watu wa ukingoni wamehama wote kwa ajili ya uongo wangu. Dona Edeltraud amewatandikia magodoro ukumbini. Mzee Arnoldo kabebwa pamoja na kiti chake, bata wake wanamfuata. Mjane mmoja alinishika mkono akanibariki. Wakijua, watanitosa mtoni. Lotário, ambaye nyumba yake iko karibu na daraja, amekataa kuhama. Anasema Jumamosi atapanda jukwaani amtaje mwongo.

Ijumaa, 6 Oktoba
Mto umekuja. Asubuhi tuliusikia kabla ya kuuona. Maji ya rangi ya matope, yanabeba uzio wa mtu, jokofu, nguruwe mzima anayepiga kelele. Nyumba za ukingoni zimezama hadi madirishani. Hakuna mtu ndani. Ila Lotário, juu ya paa lake, amekumbatia tuba. Akaniona nikiwa ng'ambo. Akaniita kwa jina. Siwezi kuogelea. Magoti yakaisha nguvu, nikakaa kwenye tope. Nikawaza: jana ningekuwa mtu wa kuaminika, angeondoka. Paa likaanza kwenda upande. Wenye mashua walimfikia likiwa limebaki dogo kama meza. Tuba imekwenda. Nimelia kwa hofu, nikajiapiza sitadanganya tena.

Jumapili, 8 Oktoba
Maji yamepungua. Sherehe imeahirishwa. Tulikula bata wa kuoka na kabichi nyekundu ukumbini, pamoja na wote waliopoteza nyumba. Lotário, kajifunika blanketi, akaja akanikumbatia mbele ya watu. "Ndugu yangu, nisamehe. Lakini ulijuaje?"
Neusa aliacha kutafuna, akanitazama. Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Nikasema mto ukitaka kupanda, huwa nausikia kwenye magoti.
Mama mkwe akafunga macho. Dona Edeltraud akapendekeza niwe mlinzi wa mto, na mikono yote ikanyanyuka, wa Lotário wa kwanza. Nikashukuru. Kwa kuwa walikuwa wananitazama vizuri sana, nikaongeza kwamba hata kilima kikitaka kuporomoka huniambia mapema.
Kesho wananipandisha kileleni nikakisikilize. Neusa anasema udongo wa huko umeshaanza kupasuka.