Mtandao Kufika Kanda ya Dagaa

Wananchi wote wa nyumba ya Bwana Dismasi, iliyoko mlimani juu ya Katonga, walitangaziwa kwamba uongozi umedhamiria kwa dhati kufikisha huduma ya intaneti hadi majengo ya pembezoni. Wananchi wenyewe walikuwa mkewe Skolastika, shemeji yake Castory, na kuku. Tangazo lilisikilizwa wima.

Bwana Dismasi alikuwa amestaafu utendaji wa kata, ila utendaji wa kata haukuwa umestaafu ndani yake. Banda la kuku aliliita Kanda ya Juu, jiko la nje Kanda ya Kati, na banda la dagaa kule chini ufukweni Kanda ya Dagaa, eneo lenye changamoto. Intaneti ilitoka kwenye dishi la setilaiti alilowanunulia binti yao Devota, likafungwa juu ya paa la nyumba kubwa. Ukikaa kwenye kochi la Bwana Dismasi, mtandao ulikuwa unakimbia. Ukivuka mlango wa nyuma, ulikata roho. Kule ufukweni hata simu za kawaida hazikushika.

Hapo ndipo palipomuuma Skolastika. Mnunuzi wake wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Mama Yasmini, alishauziwa na watu wengine dagaa waliojaa mchanga, na sasa hakutuma boti mpaka auone mzigo kwa video, ukiwa umeanikwa juu ya chanja. Skolastika alipanda mlima na beseni kichwani, akamwonyesha dagaa palepale sebuleni. Mama Yasmini akacheka.

"Beseni hata mimi niko nayo, dada. Nionyeshe ndagala zote pale ziko. Siku ya posho kama siko naona, nanunua pa soko ya Kibirizi."

Kwa Kiswahili cha kwao ndagala ndio dagaa, na posho ndiyo Jumamosi. Na boti ya Mama Yasmini ndiyo iliyokuwa inaiendesha nyumba ile, kwa sababu pensheni ya kiongozi iliishia kwenye tai na magazeti.

Asubuhi yake Castory, fundi umeme, alifika na koleo mfukoni, akatoa salamu ya kikwao. "Mwakeye, shemeji. Tunavuta waya mpaka bandani, tunatundika kifaa cha kurushia mlangoni. Kazi ya mchana mmoja tu."

"Mchana mmoja ni uzembe," alijibu Bwana Dismasi, akaunda kamati. Yeye akawa mwenyekiti, mkewe akawa mjumbe, na Castory mtaalamu mwelekezi asiye na kura. Ukafanyika upembuzi yakinifu. Mwenyekiti alizunguka banda la kuku akiwa ameinua simu juu, akabaini kwamba kuku hawana uhitaji wa haraka. Wiki ikayoyoma hivyo.

Alhamisi waya ulifika ufukweni, kifaa kikawasha taa ya kijani. Skolastika akapiga vigelegele, mapema mno. Mwenyekiti alikitazama kile kifaa kikining'inia wazi mlangoni, moyo ukampasuka. Mali ya umma, wazi hivi? Alipanda bodaboda hadi kwa wachomeleaji wa mtaa wa Mwanga, akarudi na sanduku la chuma lenye kufuli. Kifaa kikafungiwa humo, utepe ukakatwa. Mgeni rasmi alikuwa yeye.

Mtandao ukatoweka.

"Shemeji, chuma kinaziba," Castory alisema. "Fungua sanduku."

"Limeshazinduliwa. Kitu kilichozinduliwa hakifunguliwi ovyo."

"Baba Devota, keshokutwa ndiyo Jumamosi!" Skolastika alipaza sauti.

"Mtandao upo, mjumbe. Ila umehifadhiwa."

Skolastika alilia kwa hasira, akajifuta kwa kanga, kisha akanyamaza. Mwenyekiti aliunukuu ukimya ule kama makubaliano ya kikao.

Jumamosi Bwana Dismasi alikuwa na lake. Umoja wa watendaji wastaafu ulikuwa na mkutano wa mtandaoni, naye ndiye aliyepangiwa kuwasilisha mada: "Huduma Imfuate Mwananchi." Alikula ugali, akalala kidogo, akaamka akavaa koti na tai. Chini alibaki na bukta, maana kamera haifiki huko. Akafungua kompyuta. Hakuna mtandao. Akatoka nje, akatazama paa. Hakuna dishi.

Makao makuu yalikuwa yamehamishwa bila kikao.

Alishuka mlima mbio, kompyuta kwapani. Dishi alilikuta mchangani mbele ya banda, limekaa juu ya kreti la soda, waya wake umechomekwa kwenye umeme wa bandani. Castory alikuwa anamenya muwa. Skolastika alikuwa anatembea kati ya chanja na simu mkononi, anacheka, na Bwana Dismasi akakumbuka kwamba wiki nzima hakumwona akicheka. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Lakini kompyuta ilipofunguliwa pale ilishika mtandao, mkutano ulikuwa umeshaanza na wajumbe walikuwa wanamwita jina. Akajisimamisha mbele ya chanja kubwa, akainua kompyuta, akakohoa.

"Ndugu wajumbe, huduma imfuate mwananchi popote..."

"Eh, papa!" Sauti ya Mama Yasmini ilipasuka kutoka kwenye simu ya Skolastika, wastaafu wote wakaisikia. "Papa wa bukta! Sogea kidogo, siko naona ndagala!"

Bwana Dismasi aliitazama bukta yake. Akamtazama mkewe, ambaye alikuwa bado ameinua simu. Kisha akasogea.

Katika utumishi wake wote, hilo ndilo agizo la kwanza alilolitekeleza siku hiyohiyo.