Mkataba wa Dansi ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi 1941

Hotuba ya Waziri Mkuu redioni. Kantini nzima kimya! Hata Griffiths, fundi mwenzangu wa injini za ndege, ambaye hunyamaza akilala tu, alinyamaza. Mwili ulinisisimka. Mzee wa watu, kipara, na taifa zima limemtegea sikio. Nikajiuliza: mimi Norman Tibbs, kijana, nywele tele, ninashindwa wapi?

Ninashindwa kwa Hilda Marrable, wa posta. Jumamosi tatu mfululizo Koplo Bagshaw wa kikosini kwetu kacheza naye dansi ya mwisho katika ukumbi wa kijiji. Na hapa kwetu, anayecheza dansi ya mwisho ndiye anayemsindikiza binti hadi mlangoni kwao. Mimi husindikiza baiskeli yangu. Sasa basi! Nitaliendesha jambo hili kama viongozi wanavyoendesha vita.

Jumanne, 4 Machi

Mazungumzo na adui, nyuma ya banda la ndege. Mvua. Nimempa Bagshaw masharti: Jumamosi achukue dansi zote za haraka, mimi nisiguse hata moja. Dansi ya mwisho iwe yangu. Akataka nyongeza: nimpigie rangi viatu wiki nzima na nimshikie zamu ya lindo Alhamisi. Nikakaza uso. Nikakubali.

Mkataba umeandikwa nakala mbili. Bagshaw alitia sahihi huku mabega yakimtikisika, akasema, "Tibbs, mdogo wangu, wewe huku kwenye grisi unapotea bure. Wangekupeleka Wizara ya Mambo ya Nje." Adui mwenyewe kakiri!

Jumatano, 5 Machi

Sikulala vizuri. Mikataba ya siku hizi huvunjwa, kila mtu anajua. Ninahitaji mshirika. Nimemwendea Griffiths.

Ukumbini kwetu ukimgusa bega mwanamume anayecheza, lazima akuachie binti. Ndiyo desturi, na hakuna wa kununa. Basi Bagshaw akivunja mkataba, Griffiths atamgusa bega na kumtoa. Griffiths akauliza kwa nini nisimguse mwenyewe. Nikamweleza kwamba kiongozi hashiki bunduki. Akasema sawa, ila ushirika wake una bei: kopo la pichi alilonitumia mama. Kopo la mwisho hilo! Nimelitoa. Machozi yalinilengalenga, sikufichi.

Haya nayo tumeyaandika, na nimeongeza kifungu cha tatu kwa mkono wangu: mshirika asimguse mshirika bega kwa hali yoyote. Ushirika ni kuaminiana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima sigara nene kwa mwenye kilabu. Nikajizoeza uso wa kiongozi mbele ya kioo. Nilikohoa hadi sajenti akaniuliza kama nina kifua kikuu.

Mchana posta, kununua stempu moja. Hilda alikuwa na kalamu sikioni. Akanipa stempu, hakuiachia. Akauliza kama Jumamosi nitakuja. Moyo ukapiga kama injini mbovu! Lakini nilijizuia. Nikamjibu kwamba suala hilo lipo mezani na sina la kusema kwa sasa. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani alivutiwa.

Usiku, lindo la Bagshaw. Baridi kali.

Ijumaa, 7 Machi

Viatu vya Bagshaw. Jozi ya pili si yake, ni ya rafiki yake. Mkataba haukutaja idadi. Kosa dogo.

Jumamosi, 8 Machi

Niliheshimu mkataba neno kwa neno. Saa tatu nzima nimesimama ukutani, kando ya birika la chai la mama yake Hilda, nikimtazama Bagshaw akimzungusha binti kwa viatu nilivyong'arisha mimi. Hilda alikuja kunywa chai mara mbili. Mara ya pili akasema viatu vyake ni vipya na anatafuta wa kuvikanyaga. Nikainamisha kichwa kwa heshima. Bi Marrable akapumua kwa nguvu sijui kwa nini.

Dansi ya mwisho ikatangazwa. Bagshaw, mwongo mkubwa, hakumwachia! Nikampa Griffiths ishara. Akaenda, akamgusa bega, Bagshaw akatoka. Ushindi! Nikavuta koti langu, nikasubiri kukabidhiwa.

Griffiths akaendelea kucheza. Nikamwendea, nikanyoosha mkono. Akaninong'oneza, "Kifungu cha tatu, kaka."

Nimerudi na baiskeli.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada Hilda alinishika mkono wa koti nje ya kanisa. Griffiths kamsimulia yote njiani, huku akicheka. Hilda hakuwa anacheka. Akauliza mimi na wenzangu tumemfanya nini, kipande cha nchi? "Mmeandikiana, mmetia sahihi, mmehongana mapichi. Na mimi je, Norman? Nani kaniuliza mimi?" Akasema jana alinisubiri tangu dansi ya kwanza. Alikataa watu wawili. Dansi alizocheza na Bagshaw alizicheza kwa sababu mimi nilisimama pale kama mti wa kutundikia makoti.

Niliona aibu. Nilitamani ardhi inimeze na baiskeli yangu.

Kisha akapunguza sauti. Jumamosi ijayo yupo. Nije nimwombe mwenyewe, kwa mdomo wangu, maneno mawili matatu, basi. Akaenda zake. Nimefurahi kupita kiasi. Sijala chakula cha mchana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari usiku kucha. Hilda ametoa pendekezo la wazi. Lakini kiongozi gani huenda mwenyewe mkutanoni bila kutanguliza mtu? Anayekimbilia meza hutoka na makombo. Ninahitaji balozi.

Bahati iliyoje! Leo wamehamia Wapolandi kikosini. Nimempata Sajenti Wrona, rubani, mrefu, meno yote yapo. Kiingereza chake ni maneno ishirini, kwa hiyo hawezi kuupotosha ujumbe. Amembusu mkono mpishi wa kantini, mama wa watu akaangusha kijiko. Heshima ya namna hiyo ndiyo hasa inayotakiwa! Nimemkabidhi maua, nimemwagiza amwoneshe Hilda kwa hatua chache jinsi nitakavyocheza naye. Ameondoka saa tisa alasiri.

Sasa saa mbili usiku. Hajarudi. Mazungumzo lazima yanakwenda vizuri sana.