Salamu za Rambirambi na Spika za Mzee Owiti

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi ambaye ametuma mwakilishi, Chifu, Naibu wa Chifu, Pasta na msaidizi wa Pasta, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwenyekiti wa ile kamati nyingine iliyojitenga kwa sababu ya nyama, wazee, akina mama, vijana wa bodaboda, mjane wetu Mama Celestine, na marehemu mwenyewe, Mzee Owiti, ambaye leo ndiye mtu pekee hapa asiyeangalia simu: itifaki imezingatiwa. (Kicheko. Mama Celestine hacheki.)

Mimi ni Mheshimiwa Daktari Mhandisi Dalmas Okinyi, Kaimu Mkurugenzi wa Urithi wa Sauti. Nimepewa dakika mbili za kutoa pole, na nitazitumia kwa awamu. (Miguno.)

Ndugu waombolezaji, huyu mzee alipostaafu reli alirudi hapa Kombewa na spika mbili za miaka ya sabini, kubwa kama kabati, za mbao ya kweli, si hii ya kubandika. Mwaka jana ofisi yangu, ndani ya framework ya kuhifadhi urithi, ilizichukua kwa heshima kubwa ili ziwekwe katika Jumba la Spika za Kale. Juzi Mama Celestine akanipigia simu kuniambia kwamba marehemu aliomba jambo moja tu: kabla hajashushwa kaburini, apigiwe rumba kwa spika zake mwenyewe, si kwa hizi za kukodi zinazokwaruza. (Mama Celestine anasimama: "Bwana Okinyi, spika ziko wapi?") Keti Mama, nakuja hapo.

Kwanza tuelewane kitaalamu kuhusu aina za spika. Kuna Mwingereza: boksi limezibwa pande zote, anaimba kwa adabu, ukimdai besi anaomba radhi. Kuna Mjapani, koni nyeupe. Huyo hafichi kitu, mwimbaji akiwa na mafua utajua. Halafu kuna Mmarekani, mwenye pembe mdomoni, ambaye ukimpa umeme kidogo tu wanamsikia mpaka Pap Onditi. Kwa utafiti wangu wa asilimia tisini na nne, mimi ni mtu wa Mmarekani, na za Mzee Owiti ni za Mmarekani: koni ya inchi kumi na tano, ukingo wa kitambaa, si sponji inayooza kwa joto la ziwa, na tundu la kupumulia ambamo, kwa mujibu wa ripoti, kuku wa Mama Celestine aliatamia, besi ikapungua, akaangua, besi ikarudi. (Vicheko. Mzee mmoja: "Kweli kabisa! Mimi nilikula mmoja wao.")

Nilipozisikia mara ya kwanza, nasema wazi, nililia. Gitaa lilitoka pale ukutani ambapo hapakuwa na mtu.

(Mama Celestine: "Okinyi, Pasta anangoja. Mzee anangoja.")

Jumba hilo, Mama, litakuwa na ghorofa tatu, lifti, ajira kwa vijana elfu saba, na tawi kule Obunga. Feasibility study imekamilika, stakeholders wamekunywa chai. (Sauti: "Jumba liko wapi?") Swali zuri sana. Spika juu! (Wachache: "Juu.") Besi mashinani! (Wote wanaangalia simu.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Amolo kwa kutupa kiwanja, na namwomba radhi kwa sababu hajui kwamba alitupa, aendelee tu na mtama wake; namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye hatukumpata; na zaidi namshukuru mke wangu, ambaye, kwa kuwa jumba lenyewe halijawahi kuwepo hata siku moja, amekubali spika zikae sebuleni kwetu, nyumba ile ya geti la buluu nyuma ya soko, ambako nazisikiliza kila Jumapili kwa niaba ya wananchi.

(Pikipiki zinawashwa.)

Hiyo ni nini? Ni tero buru? Vijana, kwa desturi hiyo kifo kinafukuzwa mbali huko porini, mbona mnageukia sokoni? Wakhisi wa bodaboda, wewe hata si Mjaluo, unafukuza nini? Mama Celestine, shuka kwenye hiyo pikipiki, sijamaliza shukrani! Pasta, waambie! (Pasta: "Tutawangoja.")

Basi. Mbwa wangu pale getini amefungwa. Lakini sikieni, nyinyi! Watu wanne kwa kila spika, mshike mbao, msishike kitambaa! Na mkirudi msiziweke ovyo: moja kulia, moja kushoto, zote zimwelekee mzee. Pale katikati ndipo panaposikika vizuri kuliko popote, mimi hukaa pale, na leo ni pake. Asanteni.